Homa ikishuka kazi ndo inaanza: jinsi ya kumuuguza anayepata nafuu kwa kanuni za matabibu wa kale (na zipi za kuachana nazo)

Joto likishashuka tu wengi wetu tunaona yameisha. Mgonjwa anajaziwa sahani "arudishe mwili", wageni wanaanza kumiminika kutoa pole, kazini wanauliza unarudi lini, alafu siku chache mbele yuko chini tena anatetemeka na kila mtu anashangaa imekuaje wakati alishapona. Matabibu wa zamani wasingeshangaa. Galen, yule aliyezaliwa Pergamon mwaka 129 akaja kuwa daktari wa makaizari wa Roma, alikua anagawa watu mafungu matatu, wazima, wagonjwa, na wale ambao hawapo huku wala huku, na mtu anayetoka homa alimweka kwenye hilo fungu la tatu. Maana yake huyu mtu ana utaratibu wake, humlishi kama mgonjwa na humwachii kama mzima. Na sio Wagiriki na Warumi tu, Wachina, Wahindi na matabibu wa Kiislamu wote wana maelekezo ya kipindi hiki, na ukiyaweka pamoja unaona yanafanana kuliko mtu angetegemea.

Kabla hatujaenda mbele tuelewane, haya yote ni ya mtu ambaye ameshapimwa, ugonjwa umejulikana na dawa anazo. Uji hautibu malaria wala taifodi. Hapa tunaongelea namna ya kumbeba mtu kutoka pale homa ilipomwacha mpaka asimame mwenyewe.

Hakikisha imeondoka kweli

Wafuasi wa Hippocrates, yule tabibu wa Ugiriki ya kale, walikua wanahesabu siku. Siku ya 7, ya 14, ya 20, hizo ndo walizozitolea macho, kwamba homa inafika kilele hapo, mgonjwa anatoka jasho jingi, na ama anapata nafuu ama anazidiwa. Hesabu yenyewe haina nguvu leo, ila nyuma yake kuna kitu cha kweli walichokiona kwa macho: homa nyingi zinakuja kwa vipindi, na kati ya kipindi na kipindi mgonjwa anaonekana mzima kabisa, anacheka, anaomba chakula. Zile walizoziita homa za siku ya tatu na za siku ya nne kwa sehemu kubwa ndo malaria tunayoijua. Kwaiyo siku moja nzuri haikuwaambia kitu. Waliandika wazi kwamba kinachobaki mwilini baada ya kilele ndicho kinachorudisha ugonjwa, yaani walimwona mgonjwa kama kaa la moto lililofunikwa majivu, juu kumetulia ila ukipuliza linawaka.

Wewe una kitu ambacho wao hawakua nacho, kipimajoto. Vilikuwepo vya zamani ila vilikua virefu na vinachukua muda mpaka mgonjwa anachoka kukishika, na ni miaka ya 1860 ndo Clifford Allbutt huko Uingereza akaleta kifupi cha kama inchi 6 kinachotoa jibu ndani ya dakika chache, na mwaka 1868 Carl Wunderlich wa Leipzig akachapisha kazi yake kubwa iliyotokana na vipimo vya maelfu ya wagonjwa. Toka hapo daktari akawa na karatasi yenye mstari unaopanda na kushuka, sio tena kumgusa mtu shavu na kukisia. Fanya ivo ivo: pima asubuhi na jioni, andika pembeni ya tarehe, na usimuamini mgonjwa akisema "niko poa leo" kama jioni namba inapanda. Jioni ndo muhimu zaidi, maana joto la mwili kwa kawaida huwa juu kidogo jioni na homa inayojificha hua inajitokeza muda huo. Homa ikirudi, au akianza kutapika mfululizo, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, au tumbo kukaza na kuuma ghafla, hapo hakuna kanuni ya kale wala ya kisasa ya nyumbani, ni hospitali.

Alafu kuna kitu kidogo cha Celsus, Mrumi aliyeandika karne ya 1, ambacho nakipenda sana. Anasema daktari mwenye uzoefu akifika hakurupuki kushika mkono wa mgonjwa kupima mapigo, anakaa kwanza, uso mchangamfu, anamuuliza anaendeleaje, na kama mgonjwa ana hofu anamtuliza kwa maneno, ndo anashika mkono. Sababu yake ni kwamba kule kumwona daktari tu mapigo yanaenda mbio na utapata jibu la uongo. Ukiwa unapima presha au mapigo ya mtu nyumbani anza na hilo, kaa naye dakika kadhaa mpige stori.

Chakula, na hapa ndo penye ugomvi

Kwenye maandiko ya kale ya utabibu wa China kuna mstari mkali: homa ikipungua kidogo mgonjwa akila nyama inarudi, na akila kupita kiasi mabaki yake yanaganda. Zhang Zhongjing, aliyeandika mnamo mwaka 200 hivi, ana sehemu nzima mwishoni mwa kazi yake kuhusu wanaorudiwa kwa kufanya kazi mapema au kwa kula vibaya. Kuna mgonjwa mmoja anamwelezea pale mwishoni kabisa, mapigo yameshatulia, ugonjwa umekwisha, ila kila jua likizama anakosa raha, anahangaika kidogo kidogo. Unategemea atoe dawa. Hatoi. Anasema huyu ametoka kuumwa juzi na watu wamemlazimisha kula nafaka wakati tumbo bado dhaifu haliwezi kusaga, mpunguzieni chakula atapona. Basi. Yaani daktari kaona tatizo ni wauguzaji.

Na kwa upande wa Waislamu kuna ile hadithi ya Umm al-Mundhir, Mtume (s.a.w.) alifika kwake akiwa na Ali ambaye ndo kwanza alikua anatoka kuumwa, na pale nyumbani kulikua na mashada ya tende yametundikwa, Mtume akawa anakula na Ali naye akanyanyuka kula, Mtume akamzuia, taratibu wewe ndo unapata nafuu. Yule mama akapika mboga ya majani na shayiri, Ali akaambiwa kula hiki, hiki kinakufaa zaidi. Angalia hapo hakuambiwa ashinde njaa, alibadilishiwa sahani. Matabibu waliokuja baadae waliielezea kwamba tumbo la anayetoka kuumwa halijarudi kwenye nguvu zake, na tende ni nzito kwake wakati huo ingawa kwa mzima ni chakula kizuri tu.

Kwaiyo kanuni ni ngazi, huruki. Wagiriki walianzia kwenye maji yaliyochujwa ya shayiri iliyochemshwa, bila punje, pamoja na asali iliyochanganywa na maji au asali na siki, alafu wakaenda uji wenye punje zake, alafu ndo vigumu. Wahindi kwenye Ayurveda, utabibu wao wa jadi, walikua na ngazi ya mchele, kwanza uji mwepesi unaokunywa, kisha uji mzito unaoliwa kwa kijiko, kisha supu ya choroko, mwisho kabisa supu ya nyama. Galen na wenzake walimalizia na nyama laini za ndege wadogo na samaki wa kwenye miamba. Ukitaka kuifanya nyumbani: anza na vinywaji na uji mwepesi, akikaa navyo bila kichefuchefu wala tumbo kujaa unaongeza uzito, kisha vyakula laini kama mayai na viazi vya kuponda, nyama na vya mafuta vinakuja mwisho. Kila ngazi msikilize tumbo, ukiona amejaa gesi au anaharisha rudi ngazi moja nyuma, usibishane nalo.

Wafuasi wa Hippocrates wana kipimo kimoja cha kijanja, kwamba mtu anayepata nafuu akiwa anakula vizuri lakini nguvu hazirudi, jua anapewa chakula kingi kuliko mwili unachoweza kutumia. Leo ningeongeza kwamba inaweza pia kuwa ugonjwa haujaisha au damu imepungua, kwaiyo akiendelea kula na bado yuko hoi apimwe tena, ila ule mtazamo wa kuangalia nguvu badala ya kuangalia sahani imeisha ni mzuri.

Sasa ugomvi. Hii kanuni ya tahadhari ilivyoendelea kurithishwa ikageuka kua njaa. Mpaka karne ya 19 mwanzoni kule Ulaya kulikua na madaktari wanaomweka mgonjwa wa homa siku na siku kwa maji matupu, na akianza kuweweseka wanasema ugonjwa umepanda kichwani. Robert Graves wa Dublin, Meath Hospital, ndo alisimama akasema jamani, maumivu ya tumbo na kuweweseka mnakoona ni dalili zile zile za mtu mzima anayeshinda njaa siku nyingi, mnawaua kwa njaa mnasingizia homa. Tena akaongeza kwamba mgonjwa aliyechanganyikiwa hawezi kuomba chakula, kwaiyo kusubiri aombe ni kosa. Akaanza kuwalisha wagonjwa wake wa tifasi, ile homa inayoenezwa na chawa, kidogo kidogo kila siku. Inasimuliwa kwamba siku moja akipita wodini na mwenzake William Stokes, wakaona waliopona wana afya nzuri, akasema kwa utani nikifa mkikosa cha kuandika kaburini andikeni kwamba alilisha homa.

Ila usikimbilie kusema basi wa kale wote walikosea, kwa sababu taifodi ikaja kuwatetea. Taifodi inatengeneza vidonda kwenye utumbo mdogo, na utumbo unaweza kutoboka au kutoa damu hata pale mgonjwa anapojisikia afadhali, mara nyingi ikiwa imefika wiki ya tatu. Madaktari wa mwisho wa karne ya 19 kwa hofu hiyo walimweka mtu kwenye maziwa na supu mpaka joto liwe la kawaida kwa wiki moja au hata siku kumi ndo aguse kitu kigumu. Matokeo yake waliokoka walibaki mifupa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Warren Coleman huko New York akaonyesha kwamba unaweza kumpa mgonjwa wa taifodi nguvu nyingi sana, zaidi ya kalori 4,000 kwa siku, ila kwa vitu laini, maziwa, krimu, mayai, sukari ya maziwa, na asikonde vile. Kwaiyo ukiniuliza nani alishinda nitasema wote nusu nusu: wa kale walikua sahihi kwenye ulaini na mpangilio, kina Graves walikua sahihi kwamba lazima kiingie kitu cha kutosha. Kosa ni kuchanganya laini na kidogo, sio kitu kimoja. Na tahadhari ya mwisho kwenye hili, mtu aliyekaa siku nyingi karibu bila kula kabisa usimshindilie ghafla, siku hizi inajulikana madini ya kwenye damu yanavurugika na mtu anaweza kufa, huyo alishwe chini ya uangalizi wa hospitali.

Namna ya kumlisha sasa, hapa mwalimu ni Florence Nightingale, muuguzi maarufu wa Uingereza. Yeye mwenyewe aliugua homa vitani Crimea mwaka 1855 na ikamsumbua miaka mingi, kwaiyo alikua anajua anachosema. Anasema mgonjwa dhaifu asubuhi hawezi kumeza kitu kigumu, mdomo umekauka, hajala toka jana jioni, na ukimlazimisha unamchosha bure. Mpe kijiko cha kitu cha majimaji kila saa moja, ikifika kabla ya mchana ataweza kula kidogo. Alafu lile la sahani, kuacha chakula ambacho hajakigusa pembeni ya kitanda eti atakula baadae, alilikataa kabisa, anasema kile kinachokaa pale kinamkinaisha asile chochote. Kilete kwa wakati, kidogo, kikiwa moto kama ni cha moto, asipokula kitoe kirudi kipya baadae. Na ile supu ya nyama ya kuchuja ambayo kila mtu aliamini ina nguvu, Nightingale aliishusha thamani, anasema ichemshe maji yote yaishe uone kinachobaki chini ya sufuria ni kiasi gani. Supu inampa maji, chumvi na hamu ya kula, ila usiihesabu kama mlo.

Kuamka

Celsus anatoa ratiba ya siku nzima kwa mtu ambaye nguvu zinachelewa kurudi, na ukiisoma utadhani imeandikwa juzi. Aamke alfajiri lakini asitoke kitandani, aendelee kupumzika. Ikifika kama saa tatu asubuhi apakwe mafuta taratibu kwa mikono, mwili mzima. Kisha atembee, kwa kujifurahisha tu na kwa kiasi anachopenda, shughuli zote za kazi zikiwa zimewekwa pembeni. Kisha abebwe atembezwe, kwa machela au gari la kukokotwa, mwili upate mtikisiko bila kutumia nguvu zake. Akandwe sana. Abadilishiwe mahali, hewa na vyakula mara kwa mara. Na kama amekunywa mvinyo siku tatu nne, siku moja au mbili anywe maji.

Huko Uingereza miaka ya 1600 na 1700 watu waliipima nafuu kwa hatua za mwili wenyewe, kwanza anakaa kitandani akiegemea, kisha anakaa kwenye kiti, kisha anatembea chumbani, kisha anatoka nje, na kila hatua ilikua habari ya kuandikia ndugu barua. Nakushauri uifuate kama ilivyo, na hatua ya kwanza igawanye: akae pembeni ya kitanda miguu ikining'inia dakika mbili tatu kabla hajasimama. Mtu aliyelala siku nyingi akisimama ghafla damu inakimbilia miguuni anaona giza anaanguka, na wengi wanaangukia njiani kwenda chooni usiku, kwaiyo taa iwashwe na mtu awe karibu.

Wahindi walikua wakali zaidi. Charaka, tabibu wao wa kale, anasema aliyetoka homa asifanye mazoezi, asikutane kimwili, asioge na asizunguke zunguke mpaka awe na nguvu. La kuoga mimi naliacha, maji ya uvuguvugu na kukauka haraka hayana shida na yanampa mtu uhai, hata Wagiriki na Warumi bafu walilitumia kumrudishia mtu nguvu. Mengine yote yana akili.

Chumba na wageni

Matabibu kuanzia Galen mpaka Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980, walikua na orodha ya vitu sita vya kuangalia: hewa, kula na kunywa, kulala na kukesha, kujishughulisha na kupumzika, vinavyotoka mwilini na vinavyobaki, na hali za moyo. Hilo la mwisho hawakuliweka kama pambo. Hasira na hofu waliamini zinawasha homa upya, na kwa anayepata nafuu waliagiza mambo ya kufurahisha. Fungua dirisha, kitanda kielekee mahali anaona kitu kinachobadilika, badilisha shuka. Wageni wafupishwe, na wale wa "mbona umekonda hivi" wasiingie kabisa. Watu wawili wasisimame mlangoni wanamnong'ona, Nightingale alilichukia hilo kuliko kelele.

Za kutupa

Kumharisha. Homa ikiisha madaktari wengi wa Ulaya walimpa mtu dawa ya kuendesha ili kusafisha mabaki ya majimaji manne waliyoamini ndo yanaendesha mwili, damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Mtu kashapoteza maji wiki nzima unamuongezea kuhara. Hapana.

Kumtoa damu na zebaki. Homa ya manjano ilipopiga Philadelphia mwaka 1793 Benjamin Rush, daktari maarufu aliyesaini hati ya uhuru wa Marekani, alitoa watu damu nyingi na kuwapa dawa ya zebaki, wakati huo huo daktari Jean Devèze kwenye hospitali ya Bush Hill alikua anawapumzisha wagonjwa wake kwa njia za upole zaidi, na mwanasiasa Alexander Hamilton alihudumiwa na rafiki yake Edward Stevens kwa magome ya kwinini, mvinyo na maji baridi, akapona. Baadae mwaka 1835 Pierre Louis wa Paris akahesabu wagonjwa wa nimonia mmoja mmoja na kuona kutoa damu hakusaidii kama walivyokua wanatamba.

Mvinyo wa kuongeza nguvu nao uache, hasa mtu akiwa kwenye dawa. Na maziwa ya punda, ambayo Galen na wengi baada yake waliyasifia kwa waliokonda, waliyanywa mabichi, tena yakiwa moto yametoka kukamuliwa. Maziwa yoyote ya mgonjwa yachemshwe.

Kuna moja la dawa la kubaki nalo. Thomas Sydenham, karne ya 17 London, kwenye homa za vipindi alitoa magome ya kwinini na hakuishia homa ilipokata, alirudia dozi wiki zilizofuata wakati mgonjwa anajiona mzima, maana alishaona wanaoacha mapema wanarudiwa. Kwinini yenyewe ilikuja kutenganishwa na magome mwaka 1820 na Pelletier na Caventou, na dawa zimebadilika sana toka hapo, ila vidonge vinavyobaki kwenye pakiti kwa sababu "nimepona" bado ni tatizo lile lile.

Kurudi kazini

Hili wa kale waliliona ni la pesa kuliko la dawa. Hospitali ya Sultan Qalawun, Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, anayetoka alikua anapewa nguo, na masimulizi yanasema na pesa kidogo pia, asilazimike kukimbilia kibarua siku hiyo hiyo. Ufaransa mwaka 1857 wakafungua Vincennes nyumba maalumu kwa ajili ya wafanyakazi wanaume waliotoka hospitali ila bado hawana nguvu za kazi, na miaka miwili mbele ya wanawake ikafunguliwa Le Vésinet. Kwaiyo kama una uwezo wa kumsaidia aliyetoka kuumwa, badala ya matunda ya kumi na moja kwenye kapu, mlipie siku kadhaa za kodi au mchukulie zamu kazini. Na akirudi aanze na nusu siku, kazi ya kukaa, jioni mpime joto, na kama kesho yake asubuhi ameamka amechoka kuliko alivyolala, siku hiyo abaki nyumbani.